Kamali Hulipa Wenye Kelele

Kamali ni mdogo wangu wa tumbo moja, nami nasema bila kuficha kwamba ananichefua. Watu wa soko la Kamembe wakinisikia hushangaa, maana wao humwita Papa Mkarimu na humsogezea kiti akipita. Wao wamemjua akiwa mtu mzima mwenye koti. Mimi nimemjua tangu anatambaa kule Kadutu, mjini Bukavu, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, tulikozaliwa, na najua mkono wake unavyotembea. Ngoja nikueleze, kisha utasema mwenyewe kama nina roho mbaya.

Chukua Jumatano moja ya mwaka elfu mbili. Meza yangu ya caguwa, yaani nguo kuukuu za kuchagua, ilitazamana na meza yake ya sambaza, wale dagaa wadogo wa ziwa Kivu. Mbele ya meza yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikuwa amekaa Maman Primitive, mjane kutoka kisiwa cha Nkombo. Huyo ndiye aliyekuwa akimpa mzigo. Alinunua sambaza kwa wavuvi alfajiri mitumbwi ikirudi, akazikausha juani, akavuka nazo ziwa, akamkabidhi Kamali kwa kuaminiana tu. Kamali alitakiwa amlipe akishauza. Alikuwa hajamlipa kwa miezi mingi, isipokuwa vijisenti vya kumfunga mdomo, na siku hiyo mama wa watu alikuja kudai. Alikaa tangu soko lilipofunguka, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri zamu yake zahanati. Kamali alikuwa ameuza beseni zima. Pesa zilijaa mfuko wa shati, nilikuwa naziona nikiwa kwenye meza yangu.

Ndipo akaja Mugabo, muuza matairi ya baiskeli, jitu la sauti. Hakusalimu mtu.

"Kamali! Weye muizi! Feza yangu ya matairi iko wapi? Leo nitakuvua suruali mbele ya batu!"

Soko zima likageuka. Na Kamali, badala ya kuona haya, akacheka. Alicheka kama mtu aliyetembelewa na rafiki.

"Papa Mugabo, joto ya nini? Nani alisema sitakulipa? Kuya hapa."

Akatoa zile pesa, akamhesabia noti moja moja, kwa sauti, ili walio karibu wasikie. Pesa za sambaza za Primitive. Alizihesabu juu ya kichwa cha Primitive, maana mama alikuwa amekaa katikati yao. Mugabo alipoondoka, Kamali akautoa nje mfuko wa shati, mtupu, akamwonyesha.

"Maman, umeona na macho yako. Imeisha. Kesho asubui, Mungu akipenda."

"Haya, Papa. Kesho," akasema Primitive. Akasimama, akakung'uta kitenge chake, akashika njia ya ziwani.

Nilitema mate chini ya meza. Kilichonichefua si deni. Nani hakuwa na deni Kamembe miaka ile? Sisi tuliokulia Kongo tulirudi mwaka wa tisini na tano katika nchi tuliyokuwa tukisimuliwa na baba tu. Tulirudi na godoro na sufuria. Mwaka uliofuata vita vikaanza ng'ambo, vikatulia kidogo, vikaanza tena, na daraja la Rusizi, la kuvukia Bukavu, likawa linafungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo cha soko. Benki ilikuwepo, lakini ilitaka hati ya shamba, na sisi hatukuwa na hata mahali pa kuzikana. Kilichobaki kilikuwa jina. Mwenye duka la sukari akitaka kujua kama akupe gunia ulipe baadaye, alimwuliza jirani yako wa meza: "Nimupatie?" Jirani akisema "mupatie", ulipata. Jirani akikohoa tu na kuangalia pembeni, ulirudi nyumbani na gunia lako tupu.

Kamali aliamini jina lake ni safi kwa sababu hakuna aliyekuwa akipiga kelele mlangoni pake. Aliyepiga kelele alilipwa, kelele ikaisha, naye akalala usingizi. Waliobaki walikuwa wapole, na wapole aliwahesabu kama watu wasiomdai. Akimwona mmoja wao upande wa juu wa soko, alipitia upande wa chini. Aliingia likelemba mbili kwa mpigo, ule mchezo wetu wa kuchangishana ambapo kila juma mmoja anachukua chungu chote. Akaomba zamu za kwanza kwa zote mbili, akapewa, akala. Ilipofika kuwachangia wenzake, alianza kuumwa kichwa kila Jumamosi. Chumvi na sabuni alikopa duka hili, kisha akakopa duka lile ili alipe la kwanza, na mkewe akimwuliza kwa nini hanunui kwa pesa taslimu siku anazokuwa nazo, alisema pesa taslimu ni za shughuli za watu.

Shughuli za watu maana yake harusi. Huku kwetu mtu akioa, baada ya chakula msemaji anaita watu, na kila mwenye zawadi anasimama mbele ya ukumbi anataja anachotoa. Kamali hakukosa harusi hata moja. Alikuwa na koti la kijivu la kazi hiyo. Alisimama, akakohoa, akataja, akapigiwa vigelegele, na alichotaja mbele ya ukumbi alikitimiza, hata kama ni kwa kukopa kwa mtu asiye na mdomo. Ndiyo maana wakamwita mkarimu. Mimi nikikaa nyuma nilikuwa nashindwa kumeza wali.

Sasa mkewe. Uwamahoro ni mtoto wa watu, mtaratibu, husemi naye ukamsikia mpaka uiname. Yeye ndiye aliyekuwa akivusha sambaza kwenda Bukavu, kwa sababu miaka ile mwanamume akipita darajani na mzigo askari wa pande zote mbili walimsumbua, wakamwita mpelelezi, wakamweka juani kutwa. Wanawake walipita. Walipita wakichotewa. Askari huyu anachota konzi, na yule konzi, na aliye ng'ambo anachota kwa kofia. Beseni lilifika Bukavu limepungua robo, na shingo ya Uwamahoro ilikuwa imeanza kukataa kugeuka upande wa kushoto. Alikuwa na mimba ya tatu.

Kwa hiyo soko lilipojenga vibanda vya saruji vyenye mlango wa chuma, mimi ndiye niliyemsukuma Kamali aombe kimoja. Mwenye kibanda angeweza kuweka mzigo ndani, akawauzia wanunuzi wa jumla waliokuja wenyewe kutoka ng'ambo. Uwamahoro angeshusha beseni chini. Pesa ya kuingilia ingekopeshwa na chama cha akiba cha wafanyabiashara, na mwenyekiti wa kamati yake, comité kama tunavyoiita, Mzee Munyemana, alikuwa ametangaza sharti lake bila kuzunguka: wadhamini wawili, ndugu mmoja, na mtu mmoja anayekupa mali kwa kuaminiana. Sharti la akili sana. Ndugu anaweza kukupenda kijinga, lakini anayekupa mali anakujua.

Ndugu nilikuwa mimi. Anayempa mali alikuwa Primitive.

Nilimwita nyumbani kwangu nikamkalisha.

"Kamali, lipa yule mama kwanza. Hata nusu. Comité itamwuliza yeye."

"Yaya," akasema, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "Maman Primitive hana shida. Ni muntu wa Mungu. Umeshamusikia siku moja analalamika?"

"Ndiyo maana umulipe!"

"Nitamulipa. Jumamosi. Kuko mzigo wa Bukavu, Uwamahoro atarudi na feza."

Uwamahoro alivuka Ijumaa, akarudi jioni miguu imevimba, na pesa alirudi nazo kweli. Alimkabidhi mumewe mbele yangu. Zilitosha kumlipa Primitive zaidi ya nusu. Nikalala nikiwa na raha, mjinga mimi, kwa sababu Jumamosi ilikuwa pia harusi ya Tuyishimire.

Tuyishimire alikuwa fundi baiskeli wa pale sokoni, na Primitive alikuwa shangazi yake. Harusi ilifanyika katika ukumbi wa shule, juu ya mji. Tulikaa kwenye madawati. Kulikuwa na wali, ndizi, Fanta kwa wenye viti vya mbele na pombe ya ndizi kwa sisi wengine. Mzee Munyemana alikaa mbele pamoja na watu wake wa comité. Primitive alikaa pembeni karibu na mlango wa jikoni, kitambaa cheupe kichwani, na Kamali aliingia amevaa koti la kijivu akamsalimia kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kama mkwe. Nikajua hajamlipa. Mtu aliyelipa hasalimii hivyo.

Msemaji akaanza kuita. Huyu katoa sufuria, yule mbuzi, yule elfu moja ndani ya bahasha. Halafu mdogo wangu akasimama bila kuitwa. Akakohoa.

"Mimi Kamali, mimi na bibi yangu, tunapatia hawa batoto matela mupya ya sponji, na faranga elfu kumi! Batu ya Kongo hatutoake mukono mutupu!"

Godoro jipya! Ukumbi ukalipuka. Akafungua koti, akatoa noti, akamwekea bwana harusi mkononi huku akicheza kidogo mabega. Uwamahoro alikuwa kando yangu. Alishika shingo yake. Zile zilikuwa pesa alizobeba kichwani siku iliyotangulia, na nusu yake ni sambaza za yule mwanamke aliyekaa karibu na jikoni. Nilitaka kusimama nimvue lile koti.

Kelele zilipotulia, Primitive akanyanyua mkono kama mtoto wa shule. Msemaji akamwita. Akaja mbele polepole, akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akapaza sauti ikafika ukuta wa nyuma.

"Mimi ni mujane. Siko na mbuzi, siko na matela. Lakini feza niko nayo. Iko kwa Papa Kamali. Ni ya sambaza yangu, tangu mwaka jana. Ile yote, sichukue hata moja, ninapatia hawa batoto. Papa Kamali atabaletea yeye mwenyewe. Batu yote mumesikia."

Akataja kiasi. Akarudi kukaa.

Watu walimtazama Kamali. Alikuwa bado amesimama na tabasamu lake, limeganda pale pale usoni, na nilimwona akipiga hesabu. Kisha mzee mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata, wakapiga sana, na Kamali naye ikabidi apige. Mzee Munyemana hakupiga. Alikuwa akimtazama mdogo wangu kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua.

Nilimfuata Primitive uani. Nilitaka kumwomba msamaha, sijui kwa niaba ya nani.

"Maman, umepoteza feza yako yote."

"Ile feza ilishapotea, Maman Patricie," akanijibu, akiniita kwa jina la mwanangu. "Nilikuwa naendelea kumupatia mzigo kwa woga tu, nikisema nikiacha sitaiona tena. Mwaka muzima niko nalisha muntu ju ya woga. Leo nimechoka. Yeye anaogopaka macho ya batu tu. Bon, nimemupatia macho."

Na kweli, Kamali alilipa. Juma halikuisha. Alikwenda kwa Tuyishimire mchana kweupe, akapita katikati ya soko, akamkabidhi mbele ya watu, na watu wakasema unaona, ni mtu wa neno. Mimi nilijiuliza pesa zile amezitoa wapi, na jibu nilipewa na wanawake wa likelemba ya Uwamahoro. Zamu ya mkewe ilikuwa imefika. Ilikuwa pesa ya kujifungulia, amechangia kila juma toka kwenye konzi alizobakishiwa na askari. Kamali alikwenda kuichukua kwa niaba yake, akisema bibi hajisikii vizuri, nao wakampa, kwa kuwa ni mume. Akafunika aibu yake kwa pesa za mimba.

Comité ilipita sokoni siku iliyofuata. Mzee Munyemana alianza kwa Primitive, aliyekuwa ameleta mzigo wake kwa mnunuzi mwingine. Nilisikia kwa masikio yangu, meza yangu iko pale.

"Maman, huyu Kamali unamupatiaka mali. Analipaka?"

Primitive alifikiri. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

"Analipaka muzuri sana, Mzee, kama batu banamuangalia. Sasa mutaweza kumuangalia kila siku?"

Mzee akashukuru. Kisha akaja kwangu.

"Na weye yaya yake, utasinya?"

Kamali alikuwa amesimama hatua chache, ananikonyeza, ananiomba kwa macho. Nilimwangalia yeye, nikamfikiria Uwamahoro na shingo yake. Ningesaini kwa ajili ya shingo ile, walahi. Lakini sharti lilikuwa wadhamini wawili, na wa kwanza alikuwa ameshajitoa. Nilikohoa, nikaangalia pembeni.

Kibanda alipewa muuza mchele kutoka uwanda wa Bugarama. Kamali alizunguka soko zima akisema Primitive amemroga, wanawake wa visiwani wana mambo yao, na kwamba dada yake wa damu amemtupa. Hakusema hata neno moja juu ya mkewe. Wauza sambaza wengine walipoulizwa "nimupatie?", sasa walikohoa. Alianza kununua kwa pesa taslimu, kidogo kidogo, kwa bei ya juu, na beseni la Uwamahoro likawa linajaa nusu huku safari za darajani zikiongezeka.

Wiki kadhaa zikapita hivyo. Jumapili moja jioni Kamali akaja kwangu bila koti, amenyong'onyea. Mama yetu anaishi kwake, na ana presha.

"Yaya, dawa za Mama zimeisha. Tangu juzi hameze kitu. Siko na hata moja."

Mama hajawahi kupiga kelele maishani mwake. Nilitoa pesa yangu ya mauzo, nikaifunga kwa kipande chekundu cha kitambaa cha caguwa, kama ninavyofunga pesa zangu siku zote, nikampa. Nilimwambia kwa ukali aende duka la dawa kesho asubuhi kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Akaapa.

Asubuhi ya Jumatatu nilikuwa navuka kwenda Bukavu kutafuta nguo, nikawakuta kwenye foleni ya daraja. Kamali alimsindikiza mkewe kama kawaida, mpaka pale askari wanapoanzia, kisha arudi zake. Tumbo la mimba lilikuwa limeshuka, siku za kujifungua zimekaribia. Wanawake walikuwa wengi, kila mmoja na beseni lake, na foleni haikusogea. Uwamahoro akasema kitu kwa mumewe, kwa ile sauti yake ya kuinamia. Kamali akacheka, akasema, "Kesho, bibi, kesho." Akageuka kuondoka.

Uwamahoro akashusha beseni. Akaliweka chini kabisa, katikati ya njia.

"KAMALI!"

Sijawahi kusikia sauti ile ikitoka kwake, na sidhani yeye mwenyewe alikuwa ameisikia. Wanawake wote waligeuka. Askari aligeuka.

"Kamali, feza yangu ya likelemba! Ulikula feza ya kuzalia mutoto wako! Lipa! Lipa hapa, mbele ya hawa batu, ao sitasogea!"

"Bibi, batu banatuangalia."

"Baangalie! LIPA!"

Wanawake wakaanza kupiga miluzi na kuguna. Mmoja akamwita Kamali jina ambalo sitaliandika. Na Kamali, unamjua sasa, akacheka. Alicheka kicheko kile kile cha siku zote, akatia mkono mfukoni, akanyanyua juu alichotoa ili foleni yote ione, kisha akampa mkewe.

"Haya! Nani alisema silipe?"

"Ah, huyu ni mwanaume," akasema mama mmoja nyuma yangu. "Analipa."

Uwamahoro akafungua. Kilikuwa kipande chekundu cha kitambaa.

Kamali aliniona. Akanitazama kwa macho makavu, akisubiri kama nitasema. Nilifungua mdomo. Uwamahoro alikuwa ameinama juu ya zile noti, anazihesabu kwa kidole, na wale wanawake wanamhesabia pamoja naye. Zilikuwa chache mno kuliko alizoibiwa, lakini zilikuwa mkononi mwake. Nikafunga mdomo. Nilipiga magoti, nikashika beseni upande wangu, nikamtwisha.

Mdogo wangu alikuwa ameshapanda kilima, anasalimiana na watu. Dawa za mama nilizichukua Bukavu siku hiyo hiyo, kwa deni, kwa jina langu.